Filta ya kuning'iniza: kama filta ni ya kawaida sana, kama kitalu cha mani planti sina neno

Nimekaa nayo miezi saba kwa hiyo sikurupuki. Ni zile filta za kuning'iniza nyuma ya tenki la samaki, kiboksi cheusi cha plastiki chenye bomba la kuvuta maji toka chini na mdomo mpana wa kuyamwaga yarudi, ya Kichina, wati 5, wameandika lita 300 kwa saa. Niliinunua elfu 38 mjini. Tenki langu lita 60 hivi, lina gapi tu, wale samaki wadogo wa mapambo. (Inachekesha kidogo, sisi tunanunua gapi wa Amerika Kusini wakati huko Ulaya kuna watu wanafuga furu wetu wa Ghuba ya Mwanza, yule mwekundu aliyepewa hadi jina la Mwalimu Nyerere.)

Kusema ukweli sikuinunua kwa ajili ya samaki. Mi nimepanga Bugarika, Mwanza, huku juu, anayekujua anajua, ukichimba hata shimo la mchicha unakutana na jiwe, udongo wa kujaza kopo moja unaubeba toka bondeni. Ndo nikaanza kuotesha vipande vya mani planti, ule mmea wa mapambo unaotambaa, kwenye chupa za maji dirishani, mara hii mara ile chupa zikafika 14. Mizizi ilitoka vizuri ila baada ya miezi miwili hivi majani yakaanza kupauka maana maji ya bomba matupu hayana chakula cha maana, mmea unaishi kwa akiba yake tu. Halafu siku hiyo mama watoto kanyanyua chupa moja kwenye mwanga akaniita, "baba Jose njoo uone mifugo yako." Viluwiluwi wa mbu wanacheza mle kama wamelipia. Nikapewa hadi Jumapili chupa ziwe zimetoka, ndo nikatafuta filta.

Sasa filta inavyofanya kazi ni hivi. Ile katriji ya mkaa iliyokuja nayo mi niliitoa, nikabakiza sponji niliyoikata mwenyewe, kwenye nafasi iliyobaki nachomeka vipande sita saba vya mani planti, mizizi ndani ya maji, majani yote nje. Maji yanapita muda wote kwa hiyo mbu hana pa kutagia, na kiluwiluwi kikiangukia kwenye tenki gapi wanamaliza. Samaki wanatoa amonia, bakteria wa kwenye sponji wanaigeuza kuwa naitraiti halafu naitreti, mani planti inazinywa kama mbolea. Ni kama magugu maji yanavyonenepa ziwani kwa uchafu wetu, tofauti hii unaikata ukitaka. Na msinielewe vibaya mkaenda kuokota magugu maji mkayaleta nyumbani, wala msichote maji ya ziwani mkajaza tenki, unaweza ukabeba na konokono wa kichocho humo humo.

Matokeo: siku ya tisa nikaona vidoti vyeupe vya mizizi, wiki ya tatu mizizi urefu wa kidole, na yale majani yaliyokuwa yamepauka hayakurudi lakini mapya yametoka ya kijani kizito na makubwa zaidi. Kata chini kidogo ya kifundo, pale jani linapotokea, kipande kisicho na kifundo kitakaa kitakaa mwisho kitaoza. Suuza utomvu kabla ya kuchomeka, na watoto wasitafune majani maana yanawasha mdomo. Ile ya majani marefu magumu kama mkonge nayo inashika ila ni wiki na wiki, uwe na subira. Mshubiri uliniozea mwanzoni kabisa, sikurudia.

Haya mabaya yake. Umeme. Ukikatika maji ya kwenye bomba yanashuka, ukirudi kama maji ya tenki yamepungua kwa mvuke filta haivuti tena, inanguruma tu kavu. Nimeshakuta inanguruma hivyo asubuhi, imechemka. Siku hizi naweka tenki lijae hadi karibu na mdomo na kila umeme ukirudi naenda kuchungulia, usiku wa manane pia. Ukipata ile ambayo mota inakaa chini ya maji chukua hiyo, inajiwasha yenyewe, mi nilikuwa sijui.

Pili mizizi. Mani planti haina adabu, mwezi wa nne mizizi ilizama mpaka kwenye kifeni cha ndani kikakwama. Kila wiki mbili naikata na mkasi.

Kosa moja ni langu sio la filta: mwezi wa kwanza niliosha sponji chini ya bomba, klorini ikaua bakteria wote, maji yakawa kama ya mchele, nikapoteza gapi watatu. Sponji inakamuliwa kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa kwenye tenki, basi. Na maji mapya ya bomba nayalaza siku nzima kwenye ndoo wazi kabla ya kuongeza.

Kwenye luku haiumi, ikiwaka mwezi mzima ni kama uniti 3.6. Kelele ipo, sebuleni unaizoea, chumbani hapana. Kama una samaki wengi au wakubwa hii ni ndogo, usijidanganye na hizo lita 300, sponji ikishika uchafu maji yanatoka kama ya bomba la mtaani saa nane mchana.

Nyota tatu, ya nne ningeitoa kama sio duka lenyewe. Kile kifeni kimeanza kulegea tangu mizizi ikikwamishe, nimeenda mara mbili kuulizia spea, jamaa ananiambia "boss nunua tu nyingine." Elfu 38 kwa kifeni cha saizi ya kifuniko cha soda! Kwa sasa nimekizungushia uzi mwembamba wa mshipi wa kuvulia, kinazunguka.