Altrasaundi ya tumbo: kipimo nyota nne, mapokezi nyota mbili

Nilitumwa altrasaundi kwa maumivu ya chini ya mbavu upande wa kulia, na kabla ya yote niwatoe hofu, mionzi hakuna kabisa, ni sauti tu, ndo maana hata wajawazito wanapimwa. Ila mapokezi walinikera. Kwenye simu waliniambia njoo asubuhi basi, hakuna aliyesema nisile, nimefika nimeshakunywa chai na maandazi naambiwa rudi kesho! Ukila, mfuko wa nyongo unajikamua na kusinyaa, mawe yakiwemo hayaonekani vizuri, so unatakiwa ukae saa 6 hadi 8 bila kula. Kama ni altrasaundi ya nyonga (kizazi, kibofu) ndo kinyume, unakunywa maji ya kutosha na mkojo unabana, kibofu kikijaa kinasukuma utumbo pembeni. Ulizeni wenyewe, msisubiri kuambiwa.

Kipimo chenyewe sasa, safi. Unalala chali, unapakwa jeli (ya baridi balaa) na jeli sio mbwembwe, hewa kidogo tu kati ya kile kidude cha kupimia na ngozi inatosha kuyarudisha mawimbi kabla hayajaingia. Sikio letu linaishia kusikia sauti ya kama kilohezi 20, hii ya tumbo inacheza kwenye megahezi 2 hadi 5 hivi (megahezi moja ni kilohezi elfu), inaingia, inagonga ini, figo, nyongo, inarudi kama mwangwi na mashine inapiga hesabu imechukua muda gani kurudi ndo inachora picha.

Dada aliyenipima nampa maua yake. Alinigeuza ubavu wa kushoto, mara vuta pumzi shikilia, maana ukivuta pumzi ini linashuka kutoka kwenye mbavu, halafu akakandamiza palepale panapouma, hapo niliruka kidogo lakini nayo ni sehemu ya uchunguzi. Mashine moja hiyohiyo akiishika mtu mwenye haraka anaweza kupitiliza kitu, so mtu akikuzungusha sana usinune.

Majibu usimng'ang'anie pale kitandani, mara nyingi yanaandikwa ripoti inaenda kwa daktari wako. Na ripoti ikisema kila kitu poa wakati bado unaumwa, mrudie daktari, vidonda vya tumbo kwa mfano altrasaundi sio kipimo chake, gesi ya tumboni inaziba, hapo mnaongelea endoskopi, ile kamera ndogo inayopitishwa mdomoni hadi tumboni.