Kampira ka reaction: miezi 2 nikiwa nako golini

Mimi ni kipa wa timu ya maveterani mtaani kwetu, umri umeenda na penati nafungwa tu, nikaona ninunue kale kampira ka raba kenye vinundu 6, ukikadundisha huku kanarukia kule. 15,000, na muuzaji akaniapia kananoa ubongo.

Raba yenyewe ngumu, haichakai, ila wiki ya kwanza inanuka kama tairi jipya. Kwenye zege kanaruka hatari (ugoko wangu unajua), kwenye nyasi kanakufa palepale. Miguu imechangamka, hilo sikatai.

Sasa penati bado nafungwa vilevile, nikakaa nikapiga hesabu. Mita 11, shuti la kilomita 100 kwa saa linafika kama sekunde 0.4, na tangu jicho lione mpaka mkono uanze kujongea inaliwa 0.2 hivi, hapo hujaruka bado. Kwa hiyo ukisubiri uone mpira umeenda wapi ushaokota nyavuni, kipa anasoma nyonga na ule mguu wa kusimamia wa mpigaji, ubongo unakisia na kuandaa misuli kabla gozi halijaguswa. Kwenye kukisia huko anayefanya kazi kubwa ni serebela, ule ubongo mdogo wa kisogoni, na unajifunza kwa kulinganisha ulichotegemea na kilichotokea. Haka kampira kakidunda hakana adabu yoyote, utegemee nini? Kananifundisha kushtuka tu.

Afadhali mdako jamani, ule wa utotoni. Unarusha jiwe juu, macho yako juu, mkono unachota vijiwe shimoni bila kuangalia halafu unadaka, maana jiwe umelirusha mwenyewe na ubongo unajua litatua wapi na saa ngapi. Mkono unaosubiri kitu kidondoke huwa unakaza misuli kama sehemu ya 10 ya sekunde kabla hakijatua, ndo maana jiwe halikuponyoki. Na ni bure. Binti yangu wa miaka 9 ananifunga kila jioni.

Nyota 3 kwa 5. Unataka wepesi wa miguu chukua, wa penati tafuta mtu akupigie mashuti ya kweli umkodolee nyonga. Kangu nilimpa dogo akachezee, mbwa wa jirani keshakatafuna vinundu 2, na sasa ndo kanadunda vibaya zaidi.