Wurlitzer 200A: nimekaa nayo miezi sita, maoni yangu haya

Jamani hii piano ya umeme nimeitafuta miaka, siku nimeipata kwa mtu hapa London, mtumba, nyeusi, miguu yote minne ipo, usiku ule sikulala. Kwa wasioijua, hii haiigizi sauti ya kitu kingine, humo ndani kuna nyundo za mbao zimevikwa kitambaa kizito zinagonga ndimi za chuma, kii 64 na kila kii na ulimi wake, mtetemo unageuzwa umeme na kutokea kwenye spika mbili ziko hapohapo mbele ya kifua chako. Ukiigusa taratibu inalia kama kengele ya mbali, ukiikandamiza inakoroma, na mi nimeinunua kwa huo mkoromo.

Ndo ule unaousikia kwa Roger Hodgson wa bendi ya Supertramp kwenye The Logical Song ya 1979. Freddie Mercury wa bendi ya Queen, mzaliwa wa Zanzibar, hakuipenda kabisa, kwenye You're My Best Friend ya 1975 aligoma kuipiga, basi mpiga besi wao John Deacon aliyeutunga huo wimbo akaipeleka nyumbani akajifunza akaipiga mwenyewe. Freddie nampenda sana lakini hapo Deacon alisikia vizuri zaidi.

Sasa matatizo. Wiki ya tatu napiga kwa nguvu, noti moja ya sol ya katikati ikatoa "tik" ikafa, ulimi umekatika, na aliyeniuzia aliniapia zote nzima. Fundi alipoifungua akanionyesha kitu kizuri mno, kwenye ncha ya kila ulimi kuna tone la madini ya risasi, ukilipunguza kwa tupa sauti inapanda, ukiliongeza inashuka, akaweka ulimi mpya akakaa anakwangua kidogo anasikiliza, anakwangua tena, karibu saa nzima kwa noti moja tu! Usijaribu mwenyewe kama hujui umeme, ndimi ziko karibu na volti zaidi ya 100.

Ukienda kununua gonga kii moja moja, polepole halafu kwa nguvu, usione aibu hata muuzaji akinuna. Za Marekani zinataka volti 120 kwa hiyo Ulaya au huko nyumbani bila transfoma unaiunguza. Uzito kama kilo 25, ukitoa miguu inaingia kwenye gari, Rhodes, piano nyingine ya umeme, ya kii 73 ni zaidi ya mara mbili ya hapo na mgongo wangu hauiwezi.

Mi naipa tano kwa tano, pamoja na ile sol.