Gemu ya ndege Sanawari: nilijaribu kuweka kambi ya C-17 Kisongo

Wadau wa Chuga, kuna sehemu huku Sanawari, jina silitaji maana nina malalamiko na sitaki kesi, ni chumba kidogo juu ya duka la spea, wameweka viti viwili vya rubani, kila kiti skrini tatu, usukani na pedali za miguu, unarusha ndege kwenye kompyuta. Saa moja buku tano. Nimeenda mara tatu na zote nimerusha C-17, lile dege la jeshi la Marekani linalomeza kifaru kizima kwa mlango wa nyuma.

Chanzo ni ubishi wa kazini. Chalii mmoja alishikilia kwamba Tanzania tukinunua madege kama yale kambi iwekwe Kisongo, kale kauwanja kadogo ka ndege ka Arusha, mjini hapo na wanajeshi wako Monduli jirani, mimi nikasema KIA, ule uwanja mkubwa wa Kilimanjaro. Basi tukaenda kupima.

Kiti chenyewe safi, kina uzito, ukivuta mkono wa injini unasikia unabana kidogo kama gia ya Fuso. Skrini ya kushoto inachezacheza ila unazoea. Nikaja Kisongo kutokea upande wa mjini, Meru imebaki nyuma ya bega la kulia, nikaliweka chini, likasimama na lami imebaki! Chalii akaruka juu. Na si muujiza, C-17 imetengenezwa kutua kwenye uwanja wa mita elfu moja na kidogo. Akafungua simu akanionyesha ya Florida Julai 2012, C-17 ilikuwa inaenda kambi ya MacDill ikatua kimakosa kauwanja kadogo jirani kenye mita kama 1,100, na siku hiyohiyo ikaruka ikaondoka. Nikamwuliza na ile Boeing 767 ya abiria ya Desemba 2013, iliyokuwa inaenda KIA ikashukia hapohapo Kisongo ikaishia kwenye majani, umeisahau?

Sasa tukajaza mzigo wote, tani 77, na mafuta mpaka uzito wa mwisho unaoruhusiwa, tuondoke. Jamani. Kisongo iko juu karibu mita 1,400, hewa nyepesi, dege lina tani 265, lami ikaisha nipo bado chini, tukaingia shambani.

Kiti cha pili alikuwepo mzee kaja na mjukuu wake, anasema kapakia mizigo viwanjani miaka mingi. Shikamoo mzee, marahaba. Akasema, "Kijana wangu, kutua ni kupita kusalimia, kambi ni kuhamia na mke na watoto. Hiyo ya Florida iliporuka ilikuwa inaenda uwanja wa jirani tu, haivuki bahari." Halafu akaanza kuuliza. Tenki linachukua lita zaidi ya 130,000, hayo ni kama malori manne ya mafuta kwa ndege moja tu, yatashusha wapi? Bawa mpaka bawa mita 52 kasoro, ukiwa nazo tatu utaziegesha wapi na ndege za watalii zipite wapi? Mafundi watalala wapi, vifaru vitafikaje hapo mlangoni? Chalii kimya. KIA lami yake ni mita 3,600, iko chini ya mita 900, eneo lipo.

Hapa ndipo gemu inapofeli kwa maoni yangu, mafuta yanajaa kwa kubofya tu, hakuna lori wala foleni, kwa hiyo kila uwanja unaonekana kambi. Wenzetu hawaangalii lami peke yake. Waingereza wameweka zao zote 8 Brize Norton, na 2011 wakahamishia hapo na Hercules, ndege zao nyingine za mizigo, kutoka kambi ya Lyneham, mambo yote ya usafirishaji sehemu moja. Nchi 12 zinachangia C-17 tatu tangu 2009, zimekaa Pápa kule Hungaria, kambi ya zamani ya ndege za kivita, kwa hiyo hawakuanzia porini. Ila kurundika sehemu moja nako kuna hatari yake, lile dege kubwa la mizigo Antonov An-225 lilikuwa moja tu duniani, likateketea Hostomel kule Ukraine Februari 2022 likiwa limeegeshwa nyumbani kwake.

Malalamiko sasa. Mara ya pili umeme ulikatika niko naishukia KIA, jenereta hawana, ulirudi baada ya dakika ishirini na zile dakika hawakunifidia, dogo wa kaunta akasema eti saa ya mfumo haisimami. Feni moja, watu sita. Choo ufunguo unaombwa duka la chini.

Nawapa 7 kwa 10, ningewapa 8 kama si zile dakika. Chalii kashaiacha Kisongo, sasa anasema Msalato, uwanja mpya wa Dodoma. Jumamosi tunarudi, safari hii analipa yeye.