Shelfu za chuma za kuchomelesha kwa fundi: maoni ya muuza vitabu wa Dodoma

Nauza vitabu katika duka dogo la mtu binafsi hapa Dodoma mjini, mtaa wa nyuma ya Jamatini. Mwenye duka ni mwalimu mstaafu, na wateja wote humwita Mwalimu. Ni fremu moja tu: vitabu vya shule, kamusi, madaftari, kaunta buku, rimu za karatasi, na upande wa kushoto riwaya na vitabu vya watoto. Mwaka jana tuliondoa shelfu zote za mbao tukaweka za chuma, alizotuchomelea fundi mmoja wa upande wa Kizota kwa vipimo vyetu wenyewe. Wenzangu wa biashara hii walioko Manyoni, Kondoa na Mpwapwa wananiuliza zikoje na kama pesa yake inarudi. Zimeshapitia msimu mzima wa mvua, pilika za Januari na upepo wa kiangazi, kwa hiyo naweza kuzisemea kwa uhakika.

Ukiwa na duka la vitabu, usinunue shelfu iliyokwisha kutengenezwa kwa ajili ya supamaketi au vipodozi. Chomelesha yako. Ila mweleze fundi kila kitu, maana yeye anajua chuma na wewe ndiye unayejua kitabu.

Nianze na mchwa, kwa kuwa ndiye aliyetutoa kwenye mbao. Shelfu zetu za zamani zilikuwa za msonobari usiopigwa dawa. Mchwa hutoka ardhini, hupenya kwenye ufa wa sakafu, huingia kwenye mguu wa mbao na kupanda humohumo ndani bila kuonekana. Karatasi nayo ni chakula chake, kwa kuwa inatokana na mti. Kuna mteja aliomba kamusi iliyokuwa rafu ya chini. Nikaitoa: jalada safi, mgongo mzima. Alipoifunua, kurasa za nyuma zilikuwa zimegandana kwa udongo mwekundu, na kuanzia herufi S hadi Z palikuwa shimo. Akaiweka kaunta taratibu, akaniambia, "Pole sana dada." Kamusi ya bei ile ikiliwa, faida ya wiki imekwenda nayo.

Wengi hudhani chuma kinamaliza habari ya mchwa. Hakimalizi. Mchwa hawezi kula chuma, lakini anaweza kujenga kijia chake cha udongo juu ya mguu wa chuma mpaka akavifikia vitabu. Tofauti ni kwamba sasa analazimika kupita nje, mahali unapoweza kumwona. Kwa hiyo nilitaka miguu ipakwe rangi nyeupe, rafu ya kwanza iwe sentimita 20 kutoka sakafuni ili ufagio upite, na vitabu visiguse ukuta. Fundi hakuelewa.

"Dada, nyeupe itaonyesha uchafu. Nikupigie chokoleti?"

Nikamwambia ndicho hasa ninachokitaka, uchafu uonekane. Kila Jumatatu asubuhi nikifagia naangalia miguu kwa tochi ya simu. Mvua zilipoanza Desemba niliukuta mstari wa udongo wa urefu wa kidole kwenye mguu mmoja wa nyuma. Nikaubomoa, nikapiga dawa kwenye ufa, ukaishia pale. Kwenye mbao mchwa yule angeonekana akiwa tayari kwenye vitabu vya kidato cha nne.

Uzito nao watu wanaudharau. Rimu moja ya A4 ya gramu 80 ina karatasi 500 na ni kilo 2.5. Boksi la rimu 5 ni kilo 12.5. Panga boksi 4 kwa mstari, umeweka kilo 50 kwenye rafu moja, yaani mfuko mzima wa saruji. Vitabu vya shule navyo vizito: nilibeba mstari mmoja wa sentimita 90 nikaupima kwenye mzani wa jirani anayeuza mchele, ukawa kilo 33. Ubao wa msonobari ukikaa na mzigo huo miezi kadhaa hulegea katikati, vitabu vinaegemeana, migongo inapinda. Mzazi hakitaki kitabu kilichopinda mgongo hata umpunguzie bei.

Fundi alitumia paipu za skwea za inchi moja kwa fremu na shiti ya milimita 1 kwa rafu, kingo zimekunjwa, na chini ya kila rafu akachomelea bapa la chuma katikati. Alinishauri kila shelfu iwe na upana wa sentimita 120 ili tuokoe miguu. Nilikataa, tukabaki kwenye 90. Juzi nimevuta uzi kutoka ncha hadi ncha ya rafu yenye rimu, haujaachana na chuma hata kidogo. Hapo kazi yake ni nzuri kabisa, naisifu bila kusita.

Shelfu nyingi za kununua zina kina cha sentimita 40 hivi. Riwaya ya ukubwa wa A5 ina upana usiofika sentimita 15. Matokeo yake muuzaji anapanga safu mbili, na safu ya nyuma hufa. Kitabu asichokiona mteja hakiuzwi, na baada ya muda hata muuzaji anakisahau, anamwambia mtu "kimeisha" na kumbe kipo. Sisi tulichukua kina cha sentimita 25 kwa vitabu na 35 kwa kaunta buku na rimu. Tulipovihamisha vitabu tulikuta nyuma ya safu vingine ambavyo Mwalimu alidhani vimeuzwa zamani. Na njia ya katikati imepanuka, watu wawili wanapishana vizuri.

Kinachonifurahisha kuliko vyote ni matundu. Nguzo zimetobolewa kila baada ya sentimita 5 na rafu zinashikwa kwa bolti, kwa hiyo napandisha na kushusha nitakavyo. Spana namba 10 nimeifunga kwa kamba pembeni mwa kaunta. Mwenye duka la vyombo anaweza asione umuhimu wake, lakini sisi tuko katikati ya kubadilika kwa mtaala. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa baadhi ya madarasa, likiwemo la kwanza na la tatu, na unaendelea kupanda na wanafunzi hao mwaka hadi mwaka. Maana yake, kwa miaka kadhaa duka linabeba mitaala miwili kwa pamoja. Mzazi aliyezoea kumrithisha mdogo vitabu vya kaka yake anakuja na orodha ya shule, namwonyesha kwamba vile vya nyumbani havifai tena, na inaniuma kumwambia hivyo. Vitabu vya kiada vinatoka Taasisi ya Elimu Tanzania. Vya ziada vinatoka kwa wachapishaji mbalimbali, kila mmoja na kimo chake. Kila Januari rafu za mtaala wa zamani zinapungua na za mpya zinaongezeka. Kwa shelfu za mbao za misumari tungekuwa tunalaza vitabu kifudifudi, kimoja juu ya kingine, na kitabu kilicholazwa chini ya vingine kumi hakuna anayekichomoa.

Halafu kuna shelfu ya mlalo. Hii nimeipigania mwenyewe mpaka Mwalimu akakubali. Riwaya nyingi za Kiswahili ni nyembamba, mgongo wake hauna hata nafasi ya kuandika jina. Ukizipanga zimesimama, mteja anaona ukuta wa karatasi usio na maandishi. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016 tunapata watumishi wanaoshuka jioni kutoka Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) mwishoni mwa wiki, watu wanaotaka kusoma lakini hawajui waulize nini. Hawaulizi, wanaangalia. Fundi alitengeneza stendi ya ngazi nne iliyoinama, kila ngazi na ukingo wa sentimita 3 mbele, kitabu kinakaa uso kwa uso na mtu. Kuna riwaya ambazo vumbi lilikuwa limezizoea. Sasa naagiza upya. Kitabu ni kilekile na bei ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba jalada linaonekana.

Stendi hiyo ina magurudumu, na nitakueleza sababu. Mlango wetu unatazama magharibi. Kuanzia saa tisa alasiri jua linaingia mpaka katikati ya duka, na jua la Dodoma halina huruma na majalada: wekundu na unjano huondoka kwanza, jalada likabaki la buluu iliyopauka. Ikifika saa hiyo naisukuma ndani, jua likizama naisogeza tena mbele kwa ajili ya wanaotoka kazini. Gurudumu moja linakwama kidogo, nimelitia mafuta ya cherehani linakwenda.

Ya watoto ni fupi, kimo cha sentimita 70, na tumetandika mkeka mbele yake. Mama anaingia duka la jirani kupima sare, mtoto anakaa kwetu na kitabu. Mwalimu ana amri moja isiyojadiliwa: mtoto anayesoma dukani asifukuzwe. Kwa sababu hiyo shelfu ndefu zote nimezifunga ukutani kwa skrubu, na wewe fanya hivyo hata kama huna watoto dukani. Shelfu ya futi 6 ikijaa vitabu inapita kilo 150, na mtoto akitaka cha juu atapanda rafu kama ngazi bila kuuliza mtu.

Sasa kasoro. Kingo za mbele zililetwa kali, zikachana majalada ya vitabu viwili na kidole changu. Fundi alirudi na grainda akazisaga, lakini sehemu nyingine nililazimika kupasua mpira wa maji kwa urefu na kuuvisha kwenye ukingo. Mwambie mapema kwamba ukikosa kupitisha kiganja ukingoni bila woga, hulipi. Shelfu moja matundu yake hayakulingana, nguzo ya kushoto iko chini milimita chache, kwa hiyo rafu zake zimeinama, kalamu ukiiweka inatembea. Hiyo haijarekebishwa mpaka leo. Kwenye maungio mawili alipiga rangi ya mafuta bila kupaka kwanza rangi ya kuzuia kutu, na mvua zilipokwisha niliona doa la kahawia.

Alichelewa pia. Ahadi ilikuwa mwisho wa Oktoba, tukapokea katikati ya Novemba, mara umeme, mara kijana wake kasafiri. Siku zote hizo vitabu vilikuwa kwenye maboksi sakafuni, na kumtafutia mtu kitabu kwenye maboksi 40 ni adhabu kwangu na kwake. Zilipofika rangi ilikuwa haijakauka vizuri. Kwa mkono unaona imekauka, lakini ukiweka kitabu chenye jalada la kung'aa, kesho yake kimegandia. Ziache mahali penye hewa wiki mbili nzima kabla hujapanga chochote, hata mwenye duka akikununia.

Na vumbi halina dawa ya chuma. Juni mpaka Oktoba upepo wa hapa unaingiza vumbi hata mlango ukiwa umefungwa. Tuliacha mgongo wa shelfu wazi ili vumbi lianguke nyuma badala ya kurundikana, na imesaidia, ila kichwa cha kila kitabu bado kinahitaji kupitishwa brashi kavu ya rangi ya inchi 3. Nafanya rafu chache kila asubuhi kabla wateja hawajaanza.

Bei: shelfu moja ya futi 6 yenye rafu 5 ilikuwa shilingi 240,000. Stendi ya mlalo na magurudumu yake 180,000. Kirikuu, kigari cha mizigo, ya kuleta kutoka Kizota tulilipa wenyewe, 25,000. Tulitoa advansi nusu. Ningeulizwa mimi, ningetoa nusu, robo mzigo ukifika, na robo ya mwisho baada ya kupanga vitabu na kuona rafu zimelala sawa, maana fundi akishapata pesa yote yale matundu yasiyolingana yanakuwa yako. Omba pia kila mguu uwe na bolti ya kusawazisha chini. Sakafu za fremu zetu hazijanyooka, na sisi tumeweka vipande vya vigae.

Kwa uimara na kwa kusikiliza maelezo nampa fundi nyota 4 kati ya 5. Kwa umaliziaji na muda, 2. Bado nitarudi kwake, kwa kuwa bapa zile za chini ya rafu hakuna mwingine niliyezungumza naye aliyekuwa tayari kuziweka bila kuongeza bei. Tumebakiza shelfu mbili, moja ya kamusi na atlasi yenye rafu za kimo cha sentimita 40, na nyingine ya kuongeza upande wa riwaya. Oda naipeleka Agosti. Novemba na Desemba mafundi wamejaa mageti na madirisha ya watu wanaomalizia nyumba, na Januari wazazi wanafika na orodha mkononi kabla hatujamaliza kufungua mlango.