Nyota tatu kwa boti la watazamaji, Lake Havasu

Nimekulia Lamu nikimshikia baba spana kwenye mashine za boti, kwa hiyo binti yangu aliponikatia tikiti ya kutazama boti za zamani zikishindana huku Arizona, usiku ule sikulala.

Dola 45 kwa kichwa: kiti kwenye boti pana la pantoni, kivuli, maji baridi. Nahodha mcheshi, kazi yake anaijua. Kivuli ndicho kilichoniudhi. Turubai linafika nusu ya viti tu, na sisi tuliochelewa dakika 10 tukaokwa hadi saa nane. Jua la hapa si la mzaha. Mji huu ulishawahi kupimwa nyuzi 53, Juni 1994. Maji baridi nayo yaliisha saa tano. Kuuliza, tukajibiwa tungewahi.

Lakini zile mashine, jamani! Injini ya V8 imefungwa katikati ya boti, kinyumenyume. Shafti inatoka kwenda mbele, inaingia kwenye giaboksi, kisha inarudi kwa chini mpaka kwenye propela. Ikifunguliwa mafuta, pua inainuka na maji yanarushwa juu kwa nyuma, hata boti ikishapita bado hayajaanguka. Ile ya bluu nilimwambia mke wangu mapema, plagi moja haichomi, sikiliza. Mzunguko wa pili ikazima. Akaniangalia kama mganga.

Kurudi tulipita chini ya daraja la London, lenyewe hasa. Robert McCulloch, yule wa misumeno ya petroli, alinunua ardhi hapa miaka ya 1950 apate pa kujaribia mashine zake za boti. Mji ukafuata, na mwaka 1968 akalinunua daraja kwa dola 2,460,000, likaletwa jiwe kwa jiwe jangwani. Pesa ina wenyewe.

Nyota ya tatu naitoa kwa nahodha, maana alitushusha pale boti zinapovutwa nchi kavu, jambo ambalo halimo kwenye tikiti. Mzee mmoja aliniona nimeinamia kabureta yake, hakusema kitu, akaninyooshea spana. Binti yangu alinipigia simu mara nne.

Ukienda, fika kabla ya saa mbili asubuhi, kamata viti vya mbele, na maji beba yako.