Mikopo ya taasisi au vikundi vya kuweka na kukopa?

Mikopo midogo ya taasisi, iliyopata umaarufu kupitia Benki ya Grameen ya Bangladesh, humpa mwanamke wa kijijini mtaji kwa mkupuo; hata hivyo, marejesho mara nyingi huanza wiki chache tu baadaye, kabla mazao hayajakomaa. Tafiti sita zilizochapishwa mwaka 2015, zikiwemo za India, Ethiopia na Moroko, hazikuona ongezeko kubwa la kipato cha kaya kwa wastani. Vikundi vya kuweka na kukopa, kwa mfumo ambao shirika la CARE liliuanzisha nchini Niger mwaka 1991, hukopesha kiasi kidogo, lakini riba hubaki kwa wanachama na hugawanywa mwisho wa mzunguko. Kwa mkulima anayesubiri mavuno, naamini kikundi ni salama zaidi. Mkopo wa taasisi unamfaa mwenye biashara inayouza kila siku.